Njia ya Mto Haikimbiwi kwa Mazoea: Kocha Ajibu Barua Zenu

Katika toleo lililopita niligusia, kwa mistari michache tu, kwamba mazoezi yangu ya asubuhi nayafanya kando ya mto na kurudi kwa kupitia mashambani. Sikutarajia kwamba mistari ile ingeleta barua nyingi kiasi hiki. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: njia ya kijijini, isiyo na lami wala kibao cha kilomita, mtu anaianzaje na anaizoeaje? Nimechagua chache. Nyingine nimezifupisha, wenyewe waniwie radhi.

Kocha, shikamoo. Nimehamia kijijini miezi miwili iliyopita baada ya kukimbia mjini kwa miaka mitano, lami tupu. Nyuma ya nyumba kuna mto, na vijia vingi vinavyoingia mashambani. Siku ya kwanza nilipotea, siku ya tatu nikateguka kifundo cha mguu. Nataka kujitengenezea njia yangu ya kilomita nane hivi. Nianzie wapi?
*Mgeni wa kijijini*

Marahaba, na pole kwa kifundo. Hicho ndicho cha kwanza. Siku utakapoweza kusimama kwa mguu huo peke yake kwa nusu dakika, bila maumivu na bila kuyumbayumba, ndipo ufikirie tena kijia chenye mizizi na mawe.

Kisha anza kwa kutembea. Najua jibu hili linamchosha mtu aliyezoea kuvaa raba na kutoka mbio, lakini sijawahi kumpa mwanafunzi wangu njia ambayo hajaitembea. Ukikimbia kijia kigeni, macho yako yanafungwa kwenye mita tatu au nne zilizo mbele ya miguu. Huwezi kuona tawi lililolalia mbele, wala mahali maji ya mvua yalipokatiza juzi, wala kijia kingine kinachochomoka vichakani. Ukitembea unaviona vyote, na mwili unavikumbuka siku utakapokimbia.

Tembea kwenda na kurudi kwa njia ileile, siku moja. Kijia kina sura mbili. Ukiwa unakwenda, kijia cha pembeni kinachoungana na chako kikitokea nyuma yako hukioni kabisa, unapita tu. Ukirudi, palepale pamekuwa njia panda, nawe huna kumbukumbu nayo. Nadhani ndivyo ulivyopotea siku ile ya kwanza. Kwa hiyo kila baada ya hatua mia moja au mia mbili, simama, geuka, utazame ulikotoka. Tafuta kitu kisichohama: jiwe kubwa, mti uliogawanyika shina, kona ya shamba. Usiweke alama kwa kitu kama lundo la majani makavu, wiki ijayo halipo.

Kupotea kuna dawa nyingine, na dawa hiyo unayo nyuma ya nyumba. Wanaoshindana kutafuta njia kwa ramani na dira wana mbinu wanayoitumia kila siku: huchagua kitu kirefu kinachoonekana, kama mto, reli au ukingo wa msitu, wakakifuata kama mtu anavyoshika kamba gizani. Mto ukiwa kuliani ukienda, lazima uwe kushotoni ukirudi. Umeingia mashambani ukachanganyikiwa? Teremka taratibu kuelekea bondeni, utakutana na mto wako, halafu uamue ni mkono gani.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niichague barua yako iwe ya kwanza, nalo ni vizingo. Mto uliopita bondeni hauendi moja kwa moja, unajipinda. Kwenye kila kizingo, maji yenye kasi hubanwa upande wa nje na kuuchimba ukingo kwa chini, wakati upande wa ndani maji hupungua kasi na kuacha mchanga. Mwaka 1926 Albert Einstein aliandika makala kuhusu jambo hili. Alieleza kwamba maji yakipinda, yale ya juu husukumwa upande wa nje nayo ya chini hurudi upande wa ndani yakibeba mchanga, kwa sababu ileile inayofanya majani ya chai yakusanyike katikati ya kikombe ukikoroga. Kwa mkimbiaji maana yake ni kwamba kwenye kizingo kuna upande unaojengwa na upande unaobomolewa, na kijia kinachopita upande wa nje kina umri wake.

Hili nililijua kwa vitabu kabla ya kulijua kwa miguu. Miaka minne iliyopita, asubuhi baada ya mvua ya usiku kucha, nilikuwa nakimbia kwenye kizingo ambacho nilikuwa nimekipita jana yake. Nyasi zilikuwa zimesimama vilevile, kijia kilekile, umande uleule. Nikakanyaga, nikasikia sauti kama ya kitambaa kinachochanika, na ardhi ikakaa chini pamoja nami. Nilijikuta ndani ya maji yaliyonifika kiunoni, mkono umeshika bonge la udongo lenye nyasi bado. Bahati yangu mto ulikuwa haujafura. Nilipoinua macho kutazama nilipotokea, niliona ukingo kwa chini: ulikuwa umeliwa ndani urefu wa mkono mzima, na kilichobaki juu hakikuwa kinene kuliko unene wa godoro, kimeshikwa na mizizi ya nyasi tu. Aliyesimama ng'ambo angeiona hatari hiyo hata akiwa na macho mabovu. Aliye juu yake haoni kitu.

Tangu siku hiyo, kila njia ya mto ninayoianza huitazama kwanza kutoka ng'ambo. Vizingo vya upande wa nje navipita kwa mbali, hatua nne kamili kutoka ukingoni, hata kama kijia cha zamani kinanivuta nisogee. Na natafuta ufa. Ardhi inayotaka kumeguka mara nyingi hutoa ufa mwembamba unaofuatana na mto, wakati mwingine mwembamba kama uzi. Ukiuona, hama siku hiyohiyo, usingoje mvua ya pili.

Kuhusu umbo la njia, kwa kilomita nane ningekushauri mzunguko: kama tatu kando ya mto, moja ya kupanda kutoka bondeni, nne za kurudi kwa kupitia mashambani juu. Anza kwa kuelekea mto unakotoka, ili sehemu ya kurudi, ukiwa umechoka, ardhi ikuteremshe kidogokidogo. Kijia cha ukingoni karibu siku zote kimeinamia mtoni, maana yake mguu mmoja unakanyaga chini zaidi ya mwenzake kilomita zote tatu, na goti au nyonga hulipa. Kwa hiyo wiki hii zunguka hivi, wiki ijayo zunguka kinyume. Mwisho, hakikisha kila baada ya kilomita mbili hivi pana mahali pa kutokea barabarani. Siku kifundo kikigoma tena, utanikumbuka.

Mimi na mwenzangu tunakimbia pamoja kando ya mto kila Jumamosi. Saa yake ya GPS inasema kilomita 10.1, yangu inasema 9.6. Tunabishana mpaka nyumbani. Nani yuko sahihi?
*Wabishi wawili*

Yawezekana hakuna. Saa ya GPS haipimi njia, inaokota nukta kila baada ya sekunde moja au kadhaa na kuziunganisha kwa mistari iliyonyooka. Kwenye barabara iliyonyooka makosa ni madogo. Kwenye kijia kinachofuata mto, saa inayookota nukta kwa nadra inakata kona zako zote, hivyo inakupunja. Tena chini ya miti mikubwa au kando ya genge ishara za setilaiti zinapotoka, nukta zinarukaruka kushoto na kulia, na saa inakuongezea mita ambazo hukukimbia. Saa mbili za aina tofauti, au hata za aina moja zilizopangwa tofauti, zitaleta majibu mawili.

Nao mto kwa kupinda ni fundi. Wataalamu hupima urefu wa mto kwa kuufuata, wakaugawa kwa urefu wa bonde lililonyooka, ukifika 1.5 wanauhesabu kuwa mto wa vizingo. Yaani daraja mnaloliona kilomita mbili kutoka mlipo, mkilifuata kwa ukingo wa mto wa namna hiyo ni kilomita tatu au zaidi.

Mkitaka kujua jinsi mashindano yanavyopimwa, njia za marathoni zenye kutambuliwa kimataifa bado hupimwa kwa baiskeli. Kwenye kitovu cha gurudumu la mbele hufungwa kihesabio kidogo cha mizunguko, baiskeli inasahihishwa kwanza kwenye mstari uliopimwa kwa utepe wa chuma, kisha mpimaji anafuata njia fupi kuliko zote ambayo mkimbiaji angeweza kupita, sentimita 30 kutoka kwenye kingo za kona. Halafu anaongeza mita moja kwa kila kilomita, kwa hofu ya njia kutokea fupi. Kwenye kilomita 42.195 za marathoni nyongeza hiyo ni kama mita 42. Kwa hiyo ninyi mnaobishania nusu kilomita kwenye kijia cha mizizi, ubishi wenu ni mkubwa kuliko vipimo vyenu.

Ushauri wangu: kwenye njia hii pimeni kwa muda. Semeni "leo saa moja kwenda na kurudi, tukiwa na uwezo wa kuongea." Kilomita zihesabuni barabarani.

Njia yangu inatoka mtoni na kupanda mpaka mgongo wa kilima, kisha inashuka upande wa pili. Kupanda nahema sana lakini mwili hauumi. Siku mbili baadaye mapaja yananiuma hata kushuka ngazi ni taabu. Inakuwaje yaume mapaja wakati kazi kubwa ilikuwa ya mapafu?
*Mpanda kilima*

Mapaja yanakuuma kwa sababu ya kushuka. Ukipanda, misuli ya mbele ya paja inajikunja huku ikisukuma. Ukishuka, inavutwa kurefuka huku ikikaza ili kukuzuia usiporomoke, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayochanachana nyuzi za misuli zaidi. Maumivu yake huchelewa, hukolea kati ya saa 24 na 72. Jambo la kutia moyo ni kwamba misuli inajifunza haraka. Mteremko mmoja wa wastani leo utaikinga kwa wiki kadhaa, kwa hiyo usingoje miezi ndipo ushuke kilima kizima kwa mkupuo. Shuka kidogo, kila wiki.

Ushukapo, fupisha hatua. Wanaoanza hurefusha mguu mbele na kukanyagia kisigino kwa nguvu, kana kwamba wanafunga breki, na ndipo goti linapopata mshtuko. Acha mguu utue karibu chini ya kiwiliwili, hatua nyingi na nyepesi, mikono itanuke kidogo kwa usawa, macho yatazame pale utakapokuwa baada ya hatua nne tano.

Kuhusu kwenda polepole kwenye kilima, usijilaumu. Tangu 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alipiga hesabu ya watembeaji: saa moja kwa kila maili 3, na nusu saa ya nyongeza kwa kila futi 1,000 za kupanda. Wakimbiaji wa milimani siku hizi huhesabu kila mita 100 za kupanda kuwa sawa na kilomita moja ya ziada. Njia yako ya kilomita saba yenye mita 200 za kupanda ni kama kilomita tisa tambarare. Na panapokuwa na mwinuko mkali, tembea. Wanaoshinda mbio za milimani wanatembea, mikono juu ya mapaja, na hakuna anayewacheka.

Kocha, mimi ni mwanamke, nakimbia peke yangu kwa sababu hakuna mwenzangu anayeamka saa hizo. Njia ya mto ni nzuri mno lakini imejificha. Mume wangu anataka niache. Wewe unasemaje?
*Mama wa watoto wawili*

Dada yangu, barua hii nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Naudhika kwamba swali hili lazima liulizwe, na kwamba wanaume wanaoniandikia hawaliulizi. Usiache kukimbia. Lakini njia uipange upya, na hilo ungelisikia kwangu hata ungekuwa mwanamume.

Mtu mmoja nyumbani ajue mambo mawili: umepita wapi, na saa ngapi uwe umerudi. Siyo "nakimbia mtoni." Mwambie: "Naenda kwa ukingo wa kulia hadi darajani, narudi kwa shamba la juu, saa kumi na mbili na nusu niko mlangoni." Mkubaliane kabisa atafanya nini ikipita robo saa. Simu ibebwe, na siku ya kutembea njia kwa mara ya kwanza chunguza ni wapi mtandao unakatika, kwa sababu mabondeni hukatika. Masikio yawe wazi, muziki uuache nyumbani. Badilisha siku na mwelekeo, asijue mtu yeyote kwamba kila Jumanne saa kumi na moja na nusu unapita kwenye kile kichaka. Sehemu iliyojificha zaidi ihamishie siku utakayopata mwenza, hata kama mwenza huyo ni mtoto wako mkubwa juu ya baiskeli. Siku nyingine kimbia vipande vilivyo wazi, mara mbili au tatu kwenda na kurudi. Na ukihisi tu moyoni kwamba leo hapana, geuka. Huhitaji sababu ya kumpa mtu.

Tena msalimie kila unayekutana naye njiani: wachotaji maji, wanaowahi mashambani, wavuvi. Watu wakikuzoea kwa uso na kwa salamu, wao ndio watakaoshangaa siku usipopita.

Mume wako mwombe jambo moja. Mwambie aitembee njia hiyo pamoja nawe, hatua kwa hatua, aione. Wasiwasi wake utapata mahali pa kushika, na huenda yeye ndiye akakuonyesha pa kukwepa.

Kwenye njia yangu kuna kivuko. Kiangazi maji yanafika vifundoni, masika yanafika magotini. Nimezoea kuvuka mbio. Kuna shida?
*Mvukaji*

Kiangazi, hapana. Masika, ndiyo, na naomba uache leo.

Maji ya sentimita 15 tu yanayokwenda kwa kasi yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sababu ni kwamba kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kukusukuma inaongezeka mara nne. Kivuko ulichokizoea jana kwa kina kilekile leo kinaweza kuwa kingine kabisa kwa sababu ya kasi peke yake. Wala usitazame mawingu yaliyo juu yako tu. Mvua inaweza kunyesha mbali, mto unakotoka, nawe huku unapigwa na jua. Maji yakibadilika rangi kuwa ya udongo, yakianza kubeba vijiti na majani, au kelele za mto zikibadilika, ondoka bondeni upande juu. Saa ya kufikiri kama utavuka imeshapita.

Ukikwama kwelikweli upande usio wako, ni bora uzunguke hadi darajani hata kama ni kilomita nane, au usubiri yapungue. Na yakiwa chini ya goti, yametulia, unaona chini: vuka mahali palipopanuka na kunyooka, kamwe usivukie kwenye kizingo, uelekeze uso maji yanakotoka, shika fimbo imara, songeza mguu mmoja mmoja. Raba zivae. Mguu mtupu juu ya jiwe la utelezi hauna msaada.

Katika nchi zenye kichocho kuna jambo la ziada: vijidudu vyake vinaingia kupitia ngozi, na vinapenda maji yasiyo ya chumvi yaliyotulia au yanayotembea polepole, wanapoishi konokono wake. Kama unavuka mara kwa mara katika maeneo hayo, kapime, dawa ipo. Na mto wenye viboko au mamba haufai kukimbiwa ukingoni alfajiri wala magharibi. Kiboko hutoka usiku kula majani na kurejea majini kunapopambazuka, na hatari kuu ni wewe kujikuta katikati yake na maji. Hapo njia yako ni ya juu, mashambani.

Mbwa! Kila nikipita kwenye nyumba moja wanatoka watatu. Nikiongeza mbio nao wanaongeza.
*Mwenye hofu*

Wanaongeza kwa sababu umeongeza. Kinachokimbia kinafukuzwa. Ukiwaona tu, punguza ukiwa bado mbali, utembee. Wakikujia, simama, geuka ubavu, usiwakazie macho, mikono ikae karibu na mwili, sema nao kwa sauti nzito na tulivu, kisha rudi nyuma taratibu. Nenda siku nyingine kwa miguu umwone mwenye mbwa. Mara tatu nimefanya hivyo katika vijiji vitatu, na mara zote mwenye mbwa alitoka asubuhi iliyofuata kunisindikiza mita hamsini za kwanza hadi mbwa wakanijua.

Ukiumwa, hata mkwaruzo, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza, kisha uende hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Usisubiri kuona mbwa atakuwaje. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili karibu kila mara huua.

Ng'ombe: tembea, na usipite katikati ya ng'ombe na ndama wake. Nyuki ndio peke yao ninaokuruhusu kuwakimbia. Funika uso kwa fulana, kimbia moja kwa moja hadi ndani ya nyumba au gari, wala usijitose mtoni, kwa kuwa wanaweza kukusubiri juu ya maji.

Mwenye shamba amenifokea kwa kupita kwenye kijia cha shambani kwake. Watu wote wanapita hapo. Kosa langu nini?
*Mkimbiaji aliyefedheheka*

Pengine huna kosa, na pengine amechoka kuona miche ikikanyagwa. Kijia kilichokauka kikipata tope, watu hukwepa tope kwa kupita pembeni, na pembeni ndiko mazao yaliko. Mwezi mmoja tu wa mvua kijia cha hatua moja kinakuwa cha hatua tatu. Rudi bila raba za mazoezi, msalimie, mwombe, umuulize ni wapi angependa upite. Kwenye tope, pita katikati ya tope. Lango ulilolikuta limefungwa lifunge, lililo wazi liache wazi. Akikataa, hama. Shamba ni lake.

Masika yameanza. Nivae raba gani, na radi je?
*Msomaji wa siku nyingi*

Raba yenye meno marefu yaliyoachana, ili udongo wa mfinyanzi udondoke badala ya kujaa. Yenye soli laini na nene ya lami itakuangusha kwenye mteremko wa kwanza. Miguu italowa, kubali hivyo. Ukifika, vua, kausha katikati ya vidole, jaza raba magazeti makavu, uziweke kivulini. Mchangani nenda kwa hesabu: utafiti wa 1998 uliona kukimbia kwenye mchanga mkavu kunatumia nguvu mara 1.6 ya ardhi ngumu. Nusu saa inatosha.

Radi: hesabu sekunde kutoka mwako hadi ngurumo. Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Zikiwa 30 au chini ya hapo, radi iko ndani ya kilomita kumi, na umbali huo inakufikia. Toka mtoni, toka chini ya mti uliosimama peke yake, ingia kwenye nyumba au gari lililofungwa, na ukae nusu saa kamili baada ya ngurumo ya mwisho.

Nina njia nzuri ya mto, naipita mwaka wa pili sasa. Nimeichoka. Nitafute nyingine?
*Aliyechoka*

Kabla hujaitafuta, igeuze. Kimbia kinyume kwa wiki mbili. Nimekwishaeleza kwamba kijia kina sura mbili, nawe kwa miaka miwili unaijua moja.

Kisha ucheze nayo. Katika miaka ya 1930 kocha wa Sweden, Gösta Holmér, alibuni mazoezi yanayoitwa fatleki, yaani mchezo wa kasi. Hakuna uwanja wala filimbi. Unachagua kitu mbele yako, unakikimbilia kwa kasi, ukifika unapoa mpaka pumzi zirudi, unachagua kingine. Kwa njia ya mto hakuna zoezi linalofaa kuliko hili, kwa kuwa vitu vya kuchagua havikosekani. Juzi nilifanya hivi: kutoka mti wenye mizizi inayoning'inia hadi jiwe jeupe, mbio. Jiwe jeupe hadi kizingo, polepole. Kizingo nilikipita kwa mbali, nikahesabu hatua nne zangu, nikauona ufa mpya, mwembamba, umejaa maji ya umande. Nikavunja tawi nikalichomeka hapo ili anayekuja nyuma aone. Kutoka kwenye tawi hadi daraja la magogo, mbio tena.

Anza na vipande sita vya namna hiyo ndani ya dakika arobaini, mara moja kwa wiki, halafu uniandikie baada ya mwezi.